Mashaka kwa Herufi Ndogo

Nimestaafu Ijumaa iliyopita, nikiwa na miaka ishirini na tisa. Najua neno kustaafu lina masharti yake, na nimelifikiria siku nne kabla ya kuliandika hapa. Nilijaribu mengine. "Kuacha kazi" lilisikika kama tumegombana. "Kuhama" lilisikika kama nimeondoka na meza. Kustaafu ndilo alilolisema Bi Tatu mbele ya wateja: "Huyu anastaafu, mwacheni apumzike, kichwa chake kimefanya kazi ya watu kumi na moja bila kutumwa." Kwa kuwa yeye ndiye mwenye duka, neno likabaki.

Mlininunulia keki. Juu yake iliandikwa "Hongera kwa kustafu". Devota, uliniona nimesimama na kisu mkononi dakika nzima ukadhani nalia. Nilikuwa natafuta pa kuichomeka ile a ya pili.

Basi haya nawaandikia wewe na Kassimu, mtakaopokezana kile kiti chenye mguu uliofungwa raba. Vyeo sina vya kusimulia, maana kwenye stesheneri ya Bi Tatu kuna vyeo viwili tu, Bi Tatu na sisi wengine. Mshahara mnaujua. Nitawaambia kazi yenyewe, hasa ile inayotutoa jasho kuliko zote: kuandaa muswada wa mtu kwa ajili ya jarida la saikolojia. Na nitawaambia kosa langu, kabla hamjaambiwa na Bi Tatu, kwa sababu yeye akilisimulia huwa analiigiza.

Siku ya kwanza sikuja kuomba kazi. Nilikuwa na shahada ya saikolojia na mwaka mzima wa kukaa nyumbani Temeke nikiandika maombi ya kazi, ambayo nilikuwa nayasahihisha mpaka tarehe ya mwisho inapita. Nilivuka mji mpaka Kinondoni kuchapisha wasifu wangu kwa sababu stesheneri za kwetu zilikuwa zimenichoka. Ilikuwa mara yangu ya tatu pale ndani ya wiki moja. Bi Tatu aliushika ule wasifu, akashusha miwani yake iliyofungwa kamba ya kiatu.

"We mtoto, juzi hapa palikuwa na mkato."

"Niliutoa, Bi."

"Jana?"

"Niliurudisha."

"Na leo?"

"Leo ndo sina uhakika."

Akanitazama kama fundi anavyotazama kitambaa kisicho na rangi nzuri lakini kigumu. "Kaa hapo," akasema. Nilidhani ananionea huruma nipumzike. Akaniletea tasnifu ya mtu, kurasa mia mbili na kitu, na kalamu nyekundu. Sijarudi kuuchukua ule wasifu mpaka leo.

Bi Tatu ni mzaliwa wa Kinondoni, na ujana wake aliumalizia kwenye ofisi moja akipiga chapa kwa mashine, enzi ambazo ukikosea herufi moja unarudia ukurasa na nakala zake tatu za chini. Kwa hiyo akiona mtu anabonyeza kitufe cha kufuta anaona anasa. Vifaa vyake ni vitatu: rula ya mbao, kalamu nyekundu na sauti yake. Sheria yake ni moja. Kazi ikikamilika inachapwa kwenye karatasi, kisha inasomwa kwa sauti kutoka mwisho kuja mwanzo, sentensi moja moja.

"Ukisoma kwenda mbele utaelewa," aliniambia. "Na ukishaelewa umekwisha. Macho yanalala, akili inasoma yenyewe kitu ambacho hakipo."

Mimi niliyetumia miaka kumi na saba shuleni nikifundishwa kuelewa, nililipokea hilo kwa shida. Lakini ni kweli. Jaribuni. Utasoma "Kwa hiyo matokeo haya," kisha kile kilichokuja kabla yake, kisha kilichokuja kabla ya hicho, na makosa yatakuwa yanatoka yenyewe kama kunguni kwenye jua.

Sasa kuhusu majarida. Wanasaikolojia ni watu wanaotusihi tujipokee jinsi tulivyo, lakini pambizo pungufu ya sentimita mbili na nusu hawaipokei. Wanataka nafasi mbili kati ya mistari, kila mahali, hata kwenye marejeo, hata kwenye nukuu ya mtu anayelia. Wanataka ikisiri isiyozidi idadi ya maneno waliyoitaja, na wataihesabu. Majedwali yao hayana mistari ya wima. Nilipomweleza Bi Tatu hilo mara ya kwanza aligoma siku nzima. "Jedwali halina nguzo, litasimamaje?" Kuna namba zinazoandikwa na sifuri kabla ya nukta, na kuna nyingine ukiiweka sifuri hiyo umekosea, kwa sababu namba hiyo kwa asili yake haiwezi kuvuka moja. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Nilikuwa nikiona sifuri kwenye kibao cha duka najiuliza kama inastahili.

Marejeo ndiyo yenye kesi ngumu. Wanataka jina la ukoo litangulie, mengine yafupishwe yawe herufi. Waliotunga sheria hiyo hawakukutana na mteja wetu aliyeitwa Juma Hamisi Juma. Nilimpigia simu.

"Samahani kaka, Juma yupi ni wa ukoo?"

"Wa mwisho."

"Una hakika?"

"Nilikuwaga na hakika mpaka ulipopiga," akasema, na kesho yake alikuja dukani na cheti cha kuzaliwa, tukakitazama wote wawili.

Nyie mtanicheka, lakini hofu ina faida zake kwenye kazi hii. Mimi nilikuwa nahifadhi nakala kabla ya kila hatua. Mtazikuta kwenye kompyuta ya kushoto: MWISHO, MWISHO KABISA, MWISHO WA KWELI, MWISHO SASA BASI. Kila hatua niliyoiogopa ina nakala yake. Shikeni hapo, "niliyoiogopa", kwa sababu ndiko kosa lilikotokea.

Mwaka wangu wa tano alikuja Mwalimu Mashaka. Mmemwona, ni yule mzee wa Kawe anayevaa fleshi shingoni pamoja na ufunguo wa nyumba. Asili yake ni kusini, alifundisha ushauri nasaha chuoni mpaka akastaafu, kule kustaafu kwa wenye mvi.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwamkia.

"Marahaba. Nimeambiwa hapa kuna binti anayeogopa nukta."

"Anaziogopa, nazo zinamwogopa," Bi Tatu akadakia kutoka kwenye printa. "Mtani, umeleta nini? Kama ni korosho weka hapo, kama ni hadithi ya korosho toka nayo."

"Nimeleta kazi, mtani. Najua kwa watu wa pwani ni neno geni."

Kazi yenyewe ilikuwa makala. Kwa miaka kadhaa alikuwa amekaa na wanawake wanaokwenda Ukonga kutembelea waume na watoto wao walioko gerezani, akiwasikiliza. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya jarida la saikolojia linalopokea Kiswahili, na aliipa jina "Kumsubiri Aliye Ndani".

Jarida lilikuwa limemrudishia mara mbili bila kuisoma. Mara ya kwanza kwa sababu ya pambizo na marejeo. Mara ya pili kwa sababu jina lake lilionekana ndani ya makala, na wahakiki hawatakiwi kujua nani kaandika, ili wamkatae kwa haki. Sasa ofisi ya jarida ilikuwa imemwandikia kwamba hii ni ya mwisho. Muswada uwe umefika ukiwa sawasawa kabla ya saa kumi alasiri, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Usipofika hivyo jalada linafungwa, na makala hiyohiyo haitapokewa tena.

"Yapo majarida mengine, mwalimu," nikasema, nikidhani namtuliza.

"Ya Kiswahili, ya saikolojia? Nitajie mawili." Akakaa. "Kuna mama mmoja, kila nikipita Ukonga ananiuliza, mwalimu, yale maneno yetu yamesomwa? Maana niliwaahidi. Niliwaambia, nyie semeni, mie nitahakikisha yanasomwa. Namjibu bado yako njiani. Juzi kaniambia hata mwanangu kahukumiwa haraka kuliko hayo."

Bi Tatu hakutania. Akavuta kiti cha wateja akaniambia, "Salma, hii ni yako. Mengine yote weka pembeni."

Tulianza vibaya, mimi na mwalimu. Kwenye makala yote alikuwa ameandika "mashaka" pale ambapo vitabu vyangu vya chuo vilisema "wasiwasi". Nilimshauri abadilishe, kwa sababu nilijua mhakiki atasema neno si la kitaalamu. Nilimwandalia hata orodha.

"Wasiwasi ni neno langu mimi na vitabu vyangu," akasema. "Hakuna mama hata mmoja aliyeniambia ana wasiwasi. Wameniambia wana mashaka. Nikiwabadilishia neno nitakuwa nimejihoji mwenyewe."

"Lakini pia ni jina lako, mwalimu. Watu watadhani..."

"Nilizaliwa mama yangu akiwa nayo. Hakuwa na mimi kichwani, alikuwa na yale yenyewe. Acha neno."

Nikaandika kwenye kikaratasi cha njano MASHAKA YABAKI, nikakibandika kwenye kioo cha kompyuta, upande wa juu kulia. Nawaomba mkikumbuke kikaratasi hicho.

Siku zilizofuata nilifanya kazi ambayo mpaka leo najivunia. Pambizo, nafasi, vichwa vya habari vya ngazi tatu, majedwali yasiyo na nguzo, marejeo yote moja moja mpaka mkato wa mwisho. Nukuu za wanawake, zile ndefu, nilizisogeza ndani kwa kipimo kimoja, nikazipima kwa rula ya Bi Tatu kwenye karatasi. Ijumaa asubuhi ilibaki hatua moja tu, kuficha jina la mwandishi. Bi Tatu hakuwepo, alikuwa Magomeni kwenye shughuli ya mpwa wake, na aliacha maagizo kwamba kazi isiondoke kabla hajaisoma.

Lakini mimi niliogopa saa kumi. Niliona itakuwaje mtandao ukisumbua, itakuwaje tovuti ya jarida ikijaa, itakuwaje nikiugua ghafla saa nane. Nikaona bora itoke mapema. Kuficha jina ni jambo la sekunde. Kwenye programu ya kuchapia kuna mahali pa kutafuta neno na kulibadilisha kila lilipo kwa mkupuo. Nikaandika: tafuta Mashaka, weka Mwandishi. Nikabonyeza. Sikuhifadhi nakala kabla yake, kwa sababu hatua ile sikuiogopa.

Kompyuta ikajibu kwa adabu kwamba imefanya mabadiliko mia moja na kumi na manne.

Mimi, ninayerudi mara mbili kuhakikisha nimefunga mlango, niliitazama namba ile nikaguna. Nilichofikiria, wallahi, ni kwamba mzee huyu anajipenda. Kajitaja mara mia na kumi na nne! Nikatikisa kichwa, kikaratasi cha njano kikiwa kinanipepea pale juu kulia, nikaituma makala kwenye tovuti ya jarida. Ikaandika: Imepokelewa. Haiwezi kubadilishwa. Nikaenda kununua sambusa. Sijawahi kuwa na utulivu kama ule, na tangu siku hiyo nikiusikia unakuja naushuku.

Saa saba na nusu mwalimu alifika akitoka msikitini, na kanzu yake. Bi Tatu naye aliingia nyuma yake, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko.

"Imeenda?" mwalimu akauliza.

"Imeenda tangu asubuhi," nikasema, na nikampa nakala iliyochapwa. Bi Tatu aliidaka kabla haijamfikia.

"Imeendaje sijaisoma?" Akafungua ukurasa wa mwisho wa matokeo, akaweka rula, akaanza kwa sauti yake ile ya kutangazia mtaa. "'Wengi walisema siku za Jumapili mwandishi huwazidi.'" Akasimama. Akapandisha rula mstari mmoja. "'Mwandishi hunijia nikiwa peke yangu, mume wangu yuko ndani.'"

Fundi cherehani wa jirani akazima cherehani.

"Mtani," Bi Tatu akasema taratibu. "Hawa wake za watu umewafanya nini?"

Mwalimu alikuwa ametoa miwani anaifuta kwenye kanzu. "Soma hiyo tena."

"Nisome tena? Kuna hii nyingine bora. 'Kabla sijaolewa nilikuwa sijui mwandishi. Sasa hunianzia tumboni.'"

Mimi nilikuwa nimeshakitazama kile kikaratasi cha njano. Kuna aina ya baridi inayoanzia masikioni. Nilijaribu kueleza, ikatoka namba tu. "Mia na kumi na nne," nikasema. "Nilidhani umejitaja."

"Nimejitaja mara tisa," mwalimu akasema. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mzee wa umri wangu, anakwenda kukaa na wanawake ambao waume zao wamefungwa. Halafu anaandika hivyo. Salma, hawatarudisha makala tu."

Akisomwa hivyo, hakuna mwanamke Ukonga ambaye angekaa naye tena, na yale waliyokwisha kumwambia yangegeuka kichekesho.

Bi Tatu akaweka karatasi mezani. "Piga simu kwenye jarida."

Nilisema ningeandika barua pepe, ni rasmi zaidi. Nikaanza: "Kwa masikitiko makubwa, na huku tukitambua uzito wa..."

"Unatangaza msiba? Piga simu."

Alipokea dada mmoja, katibu wa ofisi ya mhariri. Nilimweleza kwa sentensi ndefu moja isiyo na nukta.

"Ndiyo, iko mbele yangu," akasema. "Nimeshaanza kuikagua."

"Umefika wapi, dada?"

Akashusha sauti. "Kwenye tumboni."

"Siyo yeye! Yaani siyo mwandishi! Ni mashaka!"

"Dada yangu, hata mie nilijiambia haya ni mashaka." Nilimsikia akiziba simu kwa mkono, na nyuma ya mkono kicheko. Aliporudi alikuwa wa ofisi. "Nitaifungua ile ya kwanza muweke nyingine. Saa kumi kamili nafunga. Siyo na dakika."

Ilikuwa saa nane na robo. Nakala yangu ya mwisho kabla ya kosa ilikuwa ya Jumatano, kabla ya marejeo na majedwali, na faili nilishalifunga, hakuna kutengua. Na huwezi kurudisha kwa mkupuo kule kulikotoka, kwa sababu kompyuta haijui mwandishi yupi ni mtu na yupi ni mashaka. Ilibidi tupite yote, moja baada ya jingine. Bi Tatu akashika karatasi, mwalimu akakaa katikati, mimi kwenye kompyuta. Bi Tatu anasoma kutoka mwisho, mwalimu anatoa hukumu, mimi naandika. Kama ni hisia, alisema "ndogo". Kama ni jina lake, "kubwa", nalo nikaliacha lifichwe.

"'Mwandishi yake yalipungua alipopata barua.'"

"Ndogo."

"'Mwandishi alieleza hilo katika utafiti wake wa awali.'"

"Kubwa."

"'Mwandishi hayana sikukuu.'"

"Ndogo, ila iandike kwa kubwa, iko mwanzo wa sentensi."

"Sasa ni ndogo au kubwa, mtani?"

"Ni ndogo iliyovaa kubwa. Kama wewe na hiyo hina."

"Salma, andika. Huyu leo namwacha, ana matatizo yake."

Tulikuwa tumevuka nusu Bi Tatu alipofika kwenye nukuu moja ndefu. Alisoma sentensi yake ya mwisho, "'Nikimaliza kufua ndo mwandishi hushuka kidogo,'" mwalimu akasema ndogo, nikaandika. Bi Tatu hakuendelea. Rula yake ilipanda mpaka juu ya aya, kisha akafanya kitu ambacho sijamwona akikifanya kabla wala baada. Akaisoma kwenda mbele.

"'Nguo yake moja nilibaki nayo. Siku ya kwenda kumwona naifua. Iko safi, naijua iko safi, sijaivaa wala hajaivaa. Naifua naianika, ikikauka naiangalia naona hapana, naifua tena. Simpelekei. Sijui naifulia nani. Nikimaliza kufua ndo mashaka hushuka kidogo.'"

Huko nje mtu alikuwa anapiga honi ya bajaji.

"Ndo huyu anayekuulizaga kama yamesomwa?" Bi Tatu akauliza.

Mwalimu alitazama rula. "Siwezi kukujibu, mtani."

"Sijauliza jina."

"Najua."

Aya ile mimi niliijua vizuri. Ilikuwa na ujongezo wa sentimita moja na robo, mistari minane, nilishaipima mara nne. Siku tisa nilikuwa nayo na sikuwa nimeisoma. Nilijiona mlangoni kwetu Temeke asubuhi ile, nimefunga, nimeondoka, nimerudi kushika kitasa, nimeondoka tena. Mtu mwenye mlango na mtu mwenye nguo, tofauti yetu ni kwamba yeye ana mtu wake gerezani.

"Saa tisa na nusu," Bi Tatu akasema. "Tutalia Jumamosi. Endelea."

Tuliituma saa kumi kasoro dakika nne. Safari hii niliogopa kila hatua, nikaihifadhi kila hatua, nakala ya mwisho inaitwa MASHAKA YAMERUDI. Baada ya dakika tano katibu akapiga. "Imefika, iko sawa. Ile ya asubuhi nimeifuta. Nimejinakilia sentensi moja tu, ya kuchekea na shoga yangu." Mwalimu aliomba azungumze naye, akaondoka na simu mpaka nje. Aliporudi alisema katibu ameifuta na hiyo. Sikuuliza alimwambia nini.

Funzo la kazi ni hili, na liwe la kwanza kulijua. Pale pa kutafuta na kubadilisha pana kisanduku kidogo kinachouliza kama mnataka herufi kubwa na ndogo zitofautishwe. Kiwekeni alama. Hata hivyo hakitawaokoa mwanzo wa sentensi, kwa hiyo piteni moja moja. Na futeni jina la mwandishi kwenye taarifa za faili pia, tulisahau hilo kwa mteja mwingine. Na kabla ya kuipima nukuu ya mtu, isomeni kwenda mbele, mara moja. Bi Tatu atakataa kwamba aliruhusu hilo.

Majibu ya wahakiki yalichukua miezi. Wa kwanza alitaka jedwali jingine, wahakiki wa kwanza hutaka jedwali jingine. Wa pili alisifu neno mashaka, ila alilalamika kwamba mwandishi haonekani vya kutosha ndani ya makala. Bi Tatu ilibidi atoke nje.

Mwishowe makala ilikubaliwa, jina la mwalimu likarudishwa, na mhariri alituletea kurasa za mwisho tuzihakiki. Zilikuja na swali moja, kwenye shukrani. Mwalimu alikuwa ameongeza sentensi bila kuniambia: "Mwandishi anamshukuru Salma kwa mashaka yake." Mhariri aliuliza kama hapo palikusudiwa herufi kubwa au ndogo. Nilikuwa peke yangu dukani. Niliitazama sentensi ile nikaona macho yanafanya ukungu, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile nikajibu neno moja nikatuma bila kulisoma tena. Kesho yake mhariri akauliza "ngodo" ni nini.

Ilipotoka, mwalimu alichapisha nakala kwetu akazipeleka Ukonga. Aliporudi alitusimulia. Yule mama, ambaye bado hataki kutuambia ni yupi, alipokea nakala yake akauliza ni nani hasa aliyesoma. Mwalimu akamhesabia: wahakiki wawili, mhariri, katibu wa jarida, mwenye stesheneri mmoja wa Kinondoni aliyesoma kutoka nyuma, na binti mmoja aliyepitia mara mia na kumi na nne.

"Huyo binti ana nini?" mama akauliza.

"Ana mashaka."

"Mlete."

Ndiyo sababu nimestaafu. Mwalimu anaanza sehemu ya pili ya utafiti na ameniomba nikawe msikilizaji. Huko hakuna kuchapa wala kupima, ni kukaa tu na kusikiliza. Naenda Jumatatu. Niliandaa maneno ya kuanzia, nakala saba, nikampa Bi Tatu azipitie. Alizisoma zote kutoka nyuma, kalamu nyekundu mkononi, akakata sentensi baada ya sentensi mpaka akafika mwanzo. Aliniachia neno moja, shikamoo, na akaweka nukta mwenyewe.